Okidi ya Kingo za Mito: Mpangaji Asiye Mwizi

Mkulima wa kahawa aukweapo mti wa kivuli ili kupunguza matawi, mara nyingi hufanya kazi ya pili ambayo hakuagizwa na mtu. Kwa ubapa wa panga lake hukwangua kila kimea kilichoshikilia gome: makangaga, okidi, na vinginevyo asivyovijua jina. Akiulizwa sababu hujibu bila kusita, "Hivi ni virukia. Vinanyonya mti." Jibu hili halisikiki kwa wakulima peke yao. Mwandishi wa makala haya amewahi kulisikia likitolewa darasani, likaandikwa ubaoni, na wanafunzi wakalinakili katika madaftari yao.

Nusu ya jibu hilo ni kweli, na ndiyo sababu nusu ya pili imedumu muda mrefu hivyo. Kirukia chenyewe, yaani mmea wa familia ya Loranthaceae ambao mbegu zake zenye ulimbo hupandikizwa matawini na ndege, ni kimelea. Mzizi wake hutoboa gome, hufika kwenye mishipa ya mti, na kufyonza maji na madini ambayo mti umeyatafuta ardhini kwa juhudi zake. Mkulima akikikata hakosei. Lakini okidi iliyo kwenye tawi la pili haina mzizi wa namna hiyo. Ukiibandua polepole utaona gome lililokuwa chini yake likiwa zima, bila tundu wala kovu. Imekaa juu ya mti kama mpangaji akaaye ghorofani: mahali ni pa mwenyewe, lakini chakula anajitafutia. Wanabotania huiita mimea ya namna hii epifaiti, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "juu ya" na "mmea".

Haki itendeke pande zote. Tawi lililooza likibeba mzigo mkubwa wa epifaiti zilizolowa mvua huweza kuvunjika, na mkulima ana sababu ya kuliogopa. Hata hivyo mzigo si wizi. Tena okidi tunayokusudia kuieleza hapa haina uzito wa kuvunja hata kijiti, kwani mmea mzima huweza kukaa katika kiganja cha mtu.

Umbo lake na makao yake

Jina lake la kisayansi ni Aerangis luteoalba, na aina inayopatikana kwetu huitwa rhodosticta. Jina la jenasi limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, "hewa" na "chombo". Luteoalba ni Kilatini, maana yake nyeupe yenye umanjano. Na rhodosticta ni Kigiriki chenye maana ya kutiwa doa jekundu. Aliyeieleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi ni Mjerumani Fritz Kränzlin, mwishoni mwa karne ya 19. Huota kuanzia Kameruni na Jamhuri ya Afrika ya Kati, kupitia Kongo, hadi Ethiopia, Uganda, Kenya na Tanzania.

Anayeitafuta asiangalie vileleni mwa miti mirefu, ambako okidi nyingi kubwa hukaa. Ashuke bondeni, penye mto upitao ndani ya msitu, katika mwinuko wa kati ya meta 1,250 na 2,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo atazame vijiti vyembamba vya vichaka vilivyoinamia maji, mahali penye kivuli na ukungu wa asubuhi. Shina lake ni fupi mno, na majani yake yamepangika pande mbili kama upepeo, kila moja likiwa na upana wa sentimita moja na nusu hivi na urefu usiozidi sana sentimita 15. Mara nyingi mmea huning'inia ukiwa umeelekeza kichwa chini. Jambo hili ni dogo kulitazama, lakini tutalirudia, kwa sababu wapandaji wengi hulisahau na kulijutia.

Wakati wa maua mmea hutoa shada moja au mashada kadhaa yenye kuinama, na maua hujipanga safu mbili zilizo bapa, kana kwamba yamekandamizwa na pasi. Kila ua lina upana wa sentimita 2 hadi 4, jeupe lenye umanjano hafifu kama maziwa ya ng'ombe aliyekamuliwa sasa hivi. Katikati pana nukta moja nyekundu iliyoiva. Nukta hiyo ndiyo nguzo ya ua. Katika maua tuliyoyazoea, kama vile ya haibiskasi, stameni zipo peke yake na pistili ipo peke yake. Katika okidi viungo hivyo vya kiume na vya kike vimeungana vikawa kiungo kimoja. Chavua nayo si unga wa kupeperuka, bali ni mabonge mawili madogo yanayoshikamana na mdudu kwa gundi na kusafiri naye mzima mzima.

Nyuma ya ua hutokeza mrija mwembamba wenye urefu wa sentimita 3 hadi 4, na mbochi hukusanyika ndani yake. Rangi nyeupe na mrija mrefu ni dalili za ua linalotegemea nondo warukao usiku, wale wakubwa wenye mabawa membamba ambao husimama hewani mbele ya ua huku mrija wa mdomo wao ukiwa umenyooshwa. Charles Darwin aliposhika ua la okidi ya Madagaska, Angraecum sesquipedale, na kuona mrija wake unakaribia sentimita 30, aliandika mwaka 1862 kwamba lazima yupo nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Wako waliomcheka. Mwaka 1903 nondo huyo alielezwa kisayansi, na Darwin mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1882. Kuhusu jamaa wa karibu wa okidi yetu, utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha jambo la kupendeza: mbochi hauna utamu sawa ndani ya mrija wote. Karibu na mdomo wa mrija ni hafifu, na utamu huongezeka kadiri nondo anavyofikia ncha. Hivyo mgeni huvutwa azamishe uso wake hadi mwisho, na hapo ndipo mabonge ya chavua humganda.

Mzizi uishio hewani

Msomaji akitaka kuelewa namna ya kuutunza mmea huu, asianze na jani wala ua. Aanze na mzizi. Makosa yote ya wapandaji, karibu bila kubakiza, ni makosa ya kutoujua mzizi.

Mwandishi alijifunza somo hili kwa hasara. Miaka mingi iliyopita aliokota mmea mmoja wa okidi hii kwenye tawi lililoanguka mtoni baada ya dhoruba, akaupeleka nyumbani, akaupanda katika kopo la jamu lililojazwa udongo mweusi na samadi iliyooza vizuri. Aliumwagilia asubuhi na jioni. Kwa mwezi mmoja majani yalibaki ya kijani, naye akajisifu. Katika wiki ya sita majani yalianza kulegea kama yanayoona kiu, basi akaongeza maji. Alipoufukua hatimaye, mizizi yote ilikuwa imekuwa kamasi ya rangi ya kahawia. Mmea ulikuwa umekufa kwa kukosa hewa, nao ukalegea kwa kukosa maji katikati ya tope, kwa sababu mzizi uliooza haufyonzi kitu.

Sababu ni muundo. Mzizi wa mahindi umezoea kuzungukwa na udongo ambao hulowa na kukauka polepole kwa siku nyingi. Mzizi wa okidi ya juu ya mti huishi mahali ambapo maji hufika kwa dakika chache na kutoweka. Mvua hunyesha, gome hulowa, jua hutoka, upepo huvuma, na baada ya saa moja au mbili kila kitu ni kikavu. Kwa hiyo mzizi huo umejifunika gamba la seli zilizokufa, tupu, zilizojaa hewa. Gamba hili huitwa velameni. Likiwa kavu huonekana jeupe au la rangi ya fedha. Likiguswa na maji hunyonya kama sponji, na katika muda wa sekunde chache mzizi mweupe hugeuka kijani mbele ya macho. Haukubadili rangi kwa uchawi: maji yamechukua nafasi ya hewa ndani ya zile seli tupu, mwanga sasa unapenya, na tunaona klorofili iliyokuwamo ndani tangu mwanzo. Naam, mzizi huu una klorofili, nao hufanya usanisinuru kama jani.

Faida ya sponji hiyo si kunywa haraka tu. Mwaka 1940 Frits Went, mwanabotania wa asili ya Uholanzi, alitoa wazo kwamba matone ya kwanza ya mvua ndiyo yenye chakula kingi, kwa kuwa huosha vumbi, kinyesi cha ndege na mabaki yaliyokusanyika juu ya majani na magome wakati wa ukavu. Matone yanayofuata ni maji matupu. Velameni, alisema, huyanasa matone ya kwanza na kuyashikilia hadi mzizi ulio hai upate kuchukua madini yaliyomo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliunga mkono wazo hilo: velameni hujaa kwa sekunde, na madini yenye chaji ya umeme hubakizwa humo hata maji mengine yakipita. Msomaji aone sasa jinsi mpangaji wetu anavyojipatia riziki. Hagusi damu ya mti. Anakinga mkono chini ya mvua, na anachokipata ni uchafu uliooshwa.

Mwalimu wa biolojia anaweza kulithibitisha hili katika kipindi kimoja. Achukue vipande vya mizizi kutoka kwa okidi iliyoanguka yenyewe, avipime kwa mizani ya maabara vikiwa vikavu, avitumbukize majini kwa dakika moja, avifute maji ya juu, na kuvipima tena. Kisha kundi moja la wanafunzi litundike vipande vyake dirishani penye upepo, kundi la pili livifunge ndani ya mfuko wa plastiki, na kundi la tatu livifukie katika udongo wa bustani uliolowa. Kila baada ya nusu saa wapime tena na kuchora grafu. Vipande vya dirishani vitapoteza maji upesi. Vya mfukoni na udongoni havitayapoteza hata kufikia mwisho wa masomo. Grafu hizo tatu zitaeleza kifo cha mmea wa kopo la jamu vizuri kuliko maneno ya mwandishi. Mwenye hadubini akate mzizi kwa wembe, kipande chembamba sana cha kukingama; ataona tabaka la nje la seli tupu, na ndani yake seli zenye chembe za kijani.

Zipo okidi zilizoupa mzizi kazi zote za jani. Katika vichaka na misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania huota Microcoelia exilis, isiyo na jani la kutumika hata moja: ni fungu la mizizi ya rangi ya fedha iliyotapakaa kama nywele, na vijiua vya upana wa milimeta moja au mbili. Wapitao huidhani mzizi uliokufa. Walimu wa Tanga, Mombasa na Unguja wasiofika kwenye mito ya milimani wanaweza kuitumia hiyo kufundishia yote tuliyoyaeleza.

Namna ya kuiotesha

Mwenye kuishi nyanda za juu, kama vile Lushoto, Arusha, Bukoba, Nairobi au Kampala, hana haja ya nyumba ya vioo. Usiku wa huko, wenye jotoridi la sentigredi 12 hadi 16, na mchana usiozidi sana 26, ndiyo hali ya hewa ambayo mmea huu umezaliwa nayo. Aliye Dar es Salaam au Mombasa asijisumbue na okidi hii, kwani joto la usiku litaichosha.

Badala ya kopo, tafuta kipande cha tawi gumu lisilooza upesi, lenye gome la kukwaruza, urefu wa sentimita 20 hivi. Tawi la mchungwa au la mbuni mzee hufaa. Lichemshwe kwanza ili kuua konokono na mayai ya wadudu, kisha likaushwe. Wako wanaotumia makumbi ya nazi. Nayo yanafaa kwa miaka miwili au mitatu, lakini hushika maji mengi na kuoza, hivyo anayeyatumia apunguze kumwagilia. Weka mmea juu ya gome, tandaza mizizi bila kuivunja, na uufunge kwa ukanda wa soksi ya nailoni au kwa mshipi wa kuvulia samaki. Usikaze mno. Usitumie waya wa shaba, maana shaba ni sumu kwa mizizi. Baada ya miezi michache mizizi mipya itajibandika yenyewe kwenye gome na kifungo kitaondolewa.

Sasa turudie lile jambo la kichwa chini. Mmea ukisimamishwa wima, maji hukaa katika kitovu cha majani, pale jani changa litokapo. Maji yakilala hapo usiku kucha, kitovu huoza, na kwa kuwa okidi hii ina kichipukizi kimoja tu cha kukulia, mara nyingi huo ndio mwisho wake. Msituni hauozi kwa sababu huning'inia na maji hutiririka. Kwa hiyo ufunge ukiwa umelala ubavu au umeelekea chini, hata kama macho yetu yangependa kuuona umesimama.

Utundike mahali penye kivuli cha kutosha: chini ya mti wenye majani mengi, au barazani upande usiopigwa na jua la mchana. Mwanga uwe wa kusomea gazeti bila shida, lakini jua lisiguse majani isipokuwa lile la alfajiri. Pawe na upepo mwanana. Chumba kilichofungwa, hata kikiwa na unyevu mzuri, huleta ukungu.

Kumwagilia ndiyo kazi yenyewe. Katika majira ya ukuaji lowesha mmea kila asubuhi mpaka mizizi yote igeuke kijani, kisha acha. Mizizi iwe imerudi kuwa myeupe kabla ya giza. Ikibaki ya kijani hadi jioni, basi mahali hapana upepo wa kutosha au maji yamezidi. Ikiwa nyeupe saa moja tu baada ya kumwagilia, na majani yameanza kukunjamana, hewa ni kavu mno. Hapo nyunyizia mara ya pili adhuhuri, au weka chini yake beseni la maji lenye kokoto. Hakuna kanuni ya lita wala ya siku inayoweza kuishinda kanuni hii ya rangi, na wanafunzi huielewa mara moja. Maji ya mvua ni bora kuliko yote. Maji ya kisima chenye chumvi au chokaa huacha ukoko mweupe juu ya velameni, na baada ya muda sponji huziba.

Baada ya maua kwisha, mmea hupumzika. Upunguzie maji kwa wiki kadhaa, bila kuukausha kabisa, hadi utakapoona ncha mpya za mizizi, za kijani zinazong'aa. Ncha hizo ni dalili ya kuaminika kuliko kalenda. Kuhusu mbolea, kumbuka habari ya matone ya kwanza ya mvua: chakula chake ni hafifu. Mbolea ya kuyeyusha majini itiwe robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa wiki mbili, wakati wa ukuaji tu. Adui wakubwa ni koa na konokono, ambao kwa usiku mmoja humaliza ncha zote za mizizi, na wadudu gamba waliojificha chini ya majani. Hao wa pili wafutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Hao wa kwanza watafutwe kwa tochi.

Mbegu isiyo na akiba

Mwanafunzi atauliza: ikiwa ni rahisi hivi, kwa nini tusipande mbegu nyingi tukajaza mito yote? Swali ni zuri, na jibu lake ndilo linaloonyesha udhaifu wa mmea huu mbele ya panga na shoka.

Ua likichavushwa, hata kwa ncha ya njiti ya kiberiti iliyochongwa, hutoa tunda kavu linaloiva kwa miezi kadhaa. Ndani yake mna mbegu maelfu kwa maelfu, nyepesi kama vumbi. Zimekuwa nyepesi kwa sababu hazina akiba. Mbegu ya haragwe imebeba chakula cha kuulisha mche hadi uote majani. Mbegu ya okidi haikubeba chochote cha kutosha. Kwa miaka mingi watunza bustani wa Ulaya walizipanda bila mafanikio makubwa. Walichojua ni kwamba, zikinyunyizwa kwenye mizizi ya mama yake, mara chache huota. Mwaka 1899 kijana wa Kifaransa, Noël Bernard, aligundua siri hiyo: miche ya okidi aliyoikuta ikiota yenyewe msituni ilikuwa na nyuzi za kuvu ndani ya seli zake. Kuvu huingia katika mbegu, na mbegu huzimeng'enya nyuzi zake na kujipatia sukari na madini. Bila kuvu anayefaa, mbegu hufa. Kwa hiyo, kati ya maelfu yanayopeperushwa kutoka tunda moja, inayofikia kutoa ua huenda ikawa moja, au isiwepo.

Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alionyesha njia nyingine. Aliziotesha mbegu ndani ya chupa safi, juu ya agari iliyotiwa madini na sukari, bila kuvu yeyote. Karibu biashara yote ya okidi ulimwenguni leo imesimama juu ya chupa hizo, na maabara zinazozalisha miche ya migomba hufuata misingi ileile ya usafi na chakula cha agari. Shule yenye sufuria ya mvuke wa shinikizo na mwalimu mvumilivu inaweza kujaribu, ingawa ukweli usifichwe: chupa nyingi za mwanzo zitaota kuvu wa kila rangi kabla ya kuota okidi. Hata zikifaulu, toka mbegu hadi ua ni miaka kadhaa. Shule isiyo na vifaa irudie njia ya watunza bustani wa kale, inyunyize mbegu kwenye gome penye mizizi ya mama, na kungoja.

Hii ndiyo sababu okidi iliyokwanguliwa kwa panga kwa dakika moja hairudi msimu ujao kama magugu. Na okidi yetu ina tatizo la ziada: makao yake ni ukanda mwembamba wa kando ya mto, na ukanda huo ndio ukatwao kwanza kwa ajili ya bustani za mboga na matofali ya kuchoma. Kichaka kikiondolewa, hata mto ukibaki, kivuli na ukungu wa asubuhi hutoweka. Wakusanyaji wa kuuza nao huongeza hasara. Biashara ya kimataifa ya okidi zote husimamiwa na mkataba ulioanza kutumika mwaka 1975, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1978 na Tanzania mwaka 1979. Kupeleka nje hata mmea mmoja wa mwituni bila kibali ni kosa. Kuchukua mimea ndani ya hifadhi za misitu bila ruhusa ni kosa vilevile, hata kwa ajili ya bustani ya shule.

Ipo lakini mimea ambayo hakuna anayeidai. Ni ile iliyo kwenye matawi yaliyoangushwa na upepo, na ile iliyo kwenye miti inayokatwa shambani kwa kivuli kipya au kwa njia ya umeme. Ikiachwa chini huoza katika majuma machache, kwa kuwa ardhini haina hewa ya kutosha na konokono ni wengi. Klabu ya sayansi ikipatana na wakulima wa jirani, kwa kuwaonyesha kwanza lile gome lisilo na tundu, inaweza kuletewa taarifa kila mti unapoanguka. Mimea michache ibaki shuleni kwa masomo. Iliyosalia irudishwe kwenye vichaka vya mto uleule, kwa idhini ya mwenye shamba, kabla ya masika kuanza ili mizizi mipya ikute mvua. Ifungwe upande wa chini wa vijiti, kichwa kikiwa kimeelekea maji, na kila kijiti kipewe namba katika daftari. Baada ya wiki sita wanafunzi wapite wakitazama ncha za mizizi. Zile zenye kijani kinachong'aa zimekwisha kushika.